SHAABAN ROBERT: KARANI ALIYEJUA KUSHUKURU



Ukifungua kurasa za wasifu katika majarida yetu ya Ramadhan utakutana na maswahaba, maimamu wanne, Salahuddin na mashujaa wengine wa mbali. Hiyo ni haki yao. Lakini safari hii nataka tukae na mtu wa karibu zaidi. Hakuongoza jeshi wala hakuvaa kilemba cha ushekhe. Alikuwa karani wa serikali, mwenye meza, kalamu na mshahara mdogo, mtu wa kuripoti kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni kama babako na babangu. Hata jina lake ni la mwezi ambao tumetoka kuumaliza juzi: Shaaban.

Shaaban Robert wengi tulimjua shuleni, na labda hiyo ndiyo shida. Mtu ukimsoma kwa ajili ya mtihani unamaliza mtihani na yeye unammaliza. Tunakumbuka kwamba aliandika Kusadikika, tunakumbuka majina ya wahusika, basi. Wengine mpaka leo wanauliza kama alikuwa Mkristo kwa sababu ya hilo jina la pili. Hapana. Robert lilikuwa jina la babake. Yeye alikuwa Mwislamu, na dini imo katika maandishi yake tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa hakuandika vitabu vya fiqhi.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, kusini kidogo mwa mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao, lakini yeye alijihesabu Mswahili. Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Alipokuwa na miaka 5, Novemba 1914, Waingereza walileta majeshi kutoka Bara Hindi wakashuka Tanga, wakapigwa vibaya na kurudi merikebuni, na nyuki nao wakaingia vitani wakawauma watu ovyo. Vita vikaendelea mpaka 1918, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akakaa. Kwa hivyo huyu ni mtoto aliyekua katikati ya bendera mbili, na hakuna iliyomuuliza anataka nini.

Kusoma alisomea Dar es Salaam, kuanzia 1922 hadi 1926, halafu akaajiriwa karani katika Idara ya Forodha. Huko alikaa mpaka 1944. Hebu piga hesabu: miaka 18. Sehemu kubwa ya ujana wake iliishia katika ofisi za forodha za mwambao, na moja ni Pangani, mji mdogo wa kale ambapo mto unaingia baharini, mji ule ule ambao Wajerumani walimnyongea Abushiri bin Salim mwaka 1889. Mwaka 1944 akahamishiwa Idara ya Wanyama, mbali na bahari. Mwaka 1946 akarudi Tanga kwenye ofisi ya mkuu wa jimbo, na tangu 1952 hadi 1960 akawa katika Idara ya Upimaji. Hayo ndiyo maisha yake ya kazi. Ukiyaandika kwenye karatasi ya kuombea kazi hayajazi nusu ukurasa.

Sasa weka upande wa pili. Karani huyo huyo aliandika vitabu zaidi ya 20, vya mashairi, hadithi, insha na wasifu. Wakati Vita vya Pili vya Dunia vinapiganwa, yeye alikuwa anavitungia utenzi, na utenzi ulipokamilika ulifika beti kama 3,000. Hesabu beti 3,000 kwa mkono, bila kompyuta, na asubuhi unatakiwa kazini. Mimi nikipewa insha ya kurasa 10 chuoni nalalamika wiki nzima.

Alipata wapi wakati? Jibu langu ni kwamba aliupata pale pale ambapo sisi tunaupoteza. Saa moja ya jioni baada ya kazi, siku ya mvua, siku ambayo hakuna kilichotokea. Mtu anayeona siku yake ya kawaida ni takataka hawezi kutunga beti 3,000 ndani yake.

NYUMBANI KWAKE

Kitabu chake Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949. Ukikifungua ukitarajia utoto, shule na ushujaa, utashangaa. Utoto hausemi sana. Anakimbilia nyumba yake: mkewe, wanawe, majirani, uhamisho wa kikazi, maradhi. Kuna wataalamu wanaoona hiyo ni kasoro, kwamba mwandishi ametuficha mambo mengi. Huenda. Lakini mimi naona ametuonyesha kitu alichokithamini. Mtu akiambiwa asimulie maisha yake, akachagua kuanza na watu anaokula nao, hiyo ni shahada.

Mkewe wa kwanza aliitwa Amina. Alimpenda na hakuona haya kulisema, jambo ambalo waume wengi wa mitaa yetu hawaliwezi hata kidogo. (Ndugu zangu mliooa, lini mara ya mwisho ulimwambia mkeo ahsante kwa futari? Siyo kwa kuguna, kwa maneno.) Amina akafariki bado ni kijana, akamwachia watoto wadogo. Shaaban alimtungia shairi ambalo limebaki miongoni mwa mashairi ya maombolezo yanayojulikana sana katika Kiswahili. Analitaja jina lake, anamwombea kwa Mola, anatamani wakutane tena. Halaumu. Ukilisoma unasikia mtu aliyeumia kweli kweli, na wakati huo huo unasikia mtu anayejua kwamba alichopoteza kilikuwa amana, alipewa bila kukilipia.

Hapa ndipo shukrani inapokuwa ngumu. Kushukuru biriani la Idd ni rahisi. Kushukuru miaka ya ndoa ambayo imekatika, na watoto wanalia nyumbani, hiyo ni daraja nyingine. Baadaye alioa tena, akaendelea na maisha, akalea.

Na kulea kwake kumebaki katika maandishi. Bintiye Mwanjaa alimwandikia Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman akamwandikia Utenzi wa Adili. Hakuwa na mashamba ya kuwarithisha, akawapa maneno. Watu wa Lamu na Pate watakumbuka mara moja Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka karibu 100 kabla. Ni njia ile ile ya wazee wetu: mzazi anahisi siku zinakwenda, anakaa chini, anamwambia mtoto mambo ya kawaida kabisa. Mche Mungu, heshimu wazazi, jiweke safi, chunga ulimi, usidharau kazi. Hakuna siri kubwa humo. Ni yale yale ambayo mamako anakuambia ukiwa mlangoni unatoka, na wewe umeshavaa vifaa vya kusikilizia muziki masikioni.

Kuna pia barua. Kuanzia 1931 hadi 1958 Shaaban alikuwa akimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, aliyekuwa mwalimu. Ni mambo ya nyumbani, watoto, vitabu, habari za wazee. Miaka 27 ya kuandikiana na ndugu yako! Leo tuna simu mkononi, ujumbe unafika kabla hujafumba jicho, na kuna watu Umoja hawajaongea na ndugu zao wa Kariobangi tangu Idd iliyopita.

JE, KUSHUKURU NI KUNYAMAZA?

Hapa lazima tusimame, kwa sababu najua kuna msomaji ambaye tayari amekasirika. Nimekaa na vijana wenzangu nje ya msikiti baada ya tarawehe, na hili neno la shukrani linapotajwa kuna wanaocheka. Kijana ana digrii, miaka mitatu anatafuta kazi. Anaamka alfajiri kwenda kusimama mjengo, siku nyingine anachukuliwa, siku nyingine anarudi. Wako sita katika chumba kimoja Majengo, maji ni ya kununua kwa mtungi, stima inakatika wakati wa kupika futari. Halafu anakuja mtu mwenye gari anamwambia ashukuru. Kijana anaona anaambiwa anyamaze, tena kwa jina la dini.

Mimi siwezi kumlaumu kijana huyo. Kuna watu wanaotumia neno shukrani kama kifuniko cha sufuria. Lakini Shaaban Robert ni jibu zuri kwake, kwa sababu huyu hakuwa mtu wa kubembelezwa na maisha. Alifanya kazi katika serikali ya kikoloni ambapo cheo na mshahara vilifuata rangi ya ngozi. Mwafrika angeweza kuwa hodari vipi, kuna mlango ambao haukufunguliwa. Yeye alibaki ukarani na huku vitabu vyake vinasomwa Afrika Mashariki nzima. Angekuwa mtu wa kinyongo tungemwelewa.

Alifanya nini? Mwaka 1951 akatoa Kusadikika. Nchi iliyo angani, haipo kwenye ramani yoyote, kwa hivyo mkoloni hawezi kusema anatukanwa yeye. Humo kuna kijana Karama anayeshtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Anasimama barazani, hana wakili, anajitetea kwa kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali wakaleta mambo mema, na malipo yao yakawa kifungo. Kisa kile chote ni lawama kwa watawala wanaoogopa raia mwenye akili. Mwandishi wake alikuwa mwajiriwa wa serikali. Pia aliingia katika baraza la mji wa Tanga, akakaa katika kamati za lugha, akasema yaliyohitaji kusemwa.

Kwa hivyo mtu huyu alishukuru na hakunyamaza. Aliona dhuluma ni dhuluma, na riziki ni riziki, hakuchanganya mafaili. Mshahara mdogo aliulalamikia anayestahili kulalamikiwa, na chakula kilichopatikana kwa mshahara huo akamshukuru Aliyekileta. Maulamaa wanatufundisha kwamba shukrani ni ya moyo, ya ulimi na ya viungo. Hiyo ya viungo ndiyo tunayoisahau: kutumia ulichopewa. Yeye alipewa kalamu. Kuitumia kumtetea mnyonge ilikuwa ni shukrani, na sidhani kama tunaweza kuitafsiri vingine.

Kama unataka kuona alivyoifikiria hasara ya asiyeshukuru, soma Adili na Nduguze, kilichotoka 1952. Ni kitabu kidogo, safari moja ya matatu kutoka Donholm hadi tauni siku ya msongamano unakimaliza. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, na majina yao yameshakwambia yote. Baba anakufa, wanagawana mali sawasawa. Ndugu wawili wanakwenda kutafuta zaidi, wanapoteza. Wanarudi, Adili anagawana nao tena kilicho chake. Wanataka safari nyingine. Mwisho wanamtosa ndugu yao baharini kwa sababu amepata mchumba nao hawakupata. Wanageuzwa manyani, na Adili, ambaye sasa ni mtu mkubwa serikalini, analazimika kuwapiga kila usiku kwa amri ya jini. Anapiga, halafu anawafuta machozi, analia nao.

Lile la kufuta machozi ndilo linalonishika kila nikisoma. Kisa chenyewe kina mizizi katika Alfu Lela Ulela, lakini Shaaban amekifanya chake. Wale ndugu hawakuwa maskini. Mara tatu walikuwa na mali mkononi na hawakuiona, kwa sababu macho yalikuwa kwenye sahani ya mwenzao. Siku hizi sahani za wenzetu zote ziko kwenye simu. Mtu anafuturu uji, tende na kaimati, alhamdulillah, chakula kizuri kabisa, halafu anaona picha ya meza ya futari ya mtu wa Dubai na uji unageuka maji mdomoni. Uji ni ule ule.

Jambo lingine: aliwaona watu ambao wengine hawakuwaona. Mwaka 1958 ulitoka Wasifu wa Siti binti Saad, aliouandika yeye. Siti alitoka Fumba, Unguja, katika jamaa ya wafinyanzi, na kabla ya sifa zote alikuwa akibeba vyungu kwenda kuviuza mjini. Najua kuna wasomaji wenye maoni yao kuhusu mambo ya taarabu, na mjadala huo si wa ukurasa huu. Ninachosema ni kwamba mwandishi mkubwa wa zama zake alikaa akaandika kitabu kizima juu ya mwanamke muuza vyungu, tena kwa heshima. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Mama wa viazi karai pale kona ya msikiti, kijana wa mkokoteni wa maji, mzee anayezunguka na ngoma usiku kutuamsha daku: hao nani kawaandikia hata mstari mmoja?

Hata lugha aliishukuru. Kiswahili hiki ambacho sisi wa Nairobi tunakitumia bila kufikiri, tunakivunja tukitaka, yeye alikifananisha na maziwa ya mama, kwamba vya wengine vinaweza kuwa vizuri lakini hiki ndicho kilichomlea. Serikali ya wakati ule ilimpa nishani ya MBE, na akapata pia tuzo ya Margaret Wrong ya uandishi. Vitu vikubwa kwa Mwafrika wa miaka ile. Lakini ukiangalia maandishi yake, nishani hazichukui nafasi kama inayochukuliwa na Amina, Mwanjaa na mwanawe.

Mwaka 1960 akamaliza utumishi. Katika maandishi aliyoyaita Baada ya Miaka Hamsini aliendelea kusimulia habari zake pale Maisha Yangu yalipoishia. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Yule mtoto wa bendera mbili akaiona ya tatu, na hii ilikuwa yake. Akaishi nayo miezi sita tu na siku kadhaa. Alifariki Juni 1962, miaka 53, Allah amrehemu na amsamehe. Leo iko shule ya sekondari Dar es Salaam yenye jina lake.

Vitabu vyake kadhaa vilichapishwa akiwa kaburini. Kufikirika kilitoka 1967. Ule utenzi wa beti 3,000 nao ukatoka 1967. Mwaka 1968 kikatoka Utubora Mkulima, ambacho nawaombeni mkitafute likizo hii, kwa sababu ni hadithi ya mtu aliyekuwa na kazi nzuri ya mshahara, bosi wake anambembeleza abaki, na yeye anaacha, anakwenda kijijini Busutamu kushika jembe. Watu wanamwona ana wazimu. Yeye anapanda, anamwagilia, anasubiri, anajuana na majirani. Hakuna vita humo wala hazina iliyofichwa. Shaaban aliiandika akiwa bado mtu wa ofisi, na jembe hilo hakuliona likichapwa.

Zile barua za Yusuf Ulenge nazo hazikupotea. Zilitunzwa miaka yote, mpaka mwaka 2002 Profesa Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akazitoa kitabu. Ziko pale, salamu za karani kwa mdogo wake, hali ya watoto, afya za wazee, na majina ya vitabu alivyokuwa anaviandika jioni.